Bendera ya mzee wa Houston, nishani ya baba mkubwa

Ndani ya mwaka mmoja nimezika askari wawili. Mmoja Houston, Marekani, ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwingine nyumbani, Tukuyu.

Mzee wa Houston alipigana Vietnam. Makaburini tulikuwa watu saba, pamoja na mimi niliyekuwa nikimwogesha. Wanajeshi wawili wenye sare waliikunja bendera iliyofunika jeneza mpaka ikawa pembetatu, tarumbeta ikalia, kisha mmoja akapiga goti mbele ya binti wa marehemu, akamkabidhi na kumshukuru kwa niaba ya Rais na taifa. Dakika ishirini tu. Na hakuwa na cheo kikubwa. Kule ni haki ya kisheria ya kila askari aliyemaliza utumishi wake kwa heshima. Wafiwa wanatoa cheti chake, wahudumu wa mazishi wanashughulikia yaliyobaki.

Baba mkubwa tulimzika kando ya migomba yake, mvua ya Rungwe ikinyesha, na watu hawahesabiki. Vijana wa jirani walichimba kaburi bila kuombwa, akina mama walipika usiku kucha, wakalala nasi mpaka tulipoanua tanga. Kwa hilo Marekani haitufikii, na kamwe nisingependa tubadilishane.

Lakini huyu mzee alikuwa mgambo aliyeitwa vitani baada ya Mwalimu kutangaza, Novemba 2, 1978, kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Alivuka Mto Kagera, akatembea mpaka Masaka, na Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, yumo. Nishani ya Kagera aliitunza miaka yote kwenye sanduku la bati. Wasifu uliosomwa msibani ulimpa sentensi moja: "Alishiriki vita." Tulipoomba bendera ya kufunika jeneza na askari hata mmoja, ofisi tuliyoiendea ilitaka barua na namba yake ya jeshi. Karatasi zilishaliwa na mchwa, na maziko ni kesho yake. Iliniuma sana, bado inaniuma.

Kila Julai 25 tunawakumbuka mashujaa, na walioanguka vitani wana makaburi yao Kaboya. Waliorudi je? Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule leo anaikaribia sabini. Sidai fedha. Majina yao yawepo wilayani, mtendaji wa kijiji akipata taarifa ya msiba apige simu, bendera na askari wawili wafike kabla ya udongo. Nchi iliyoweza kuwakusanya mgambo vijijini na kuwafikisha Kampala haishindwi na safari ya kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu.

Kyela yupo rafiki yake waliyevuka naye mto. Nimemwomba mwanawe apige picha vyeti vyote vya mzee na kunitumia, kabla mchwa hawajavifikia.