Shajara za Malkia Victoria: Beatrice alikuwa na haki ya kuzichoma?

Kauli maarufu kuliko zote zinazonasibishwa na Malkia Victoria wa Uingereza, ile ya "Sisi hatukuchekeshwa", haina ushahidi wa kutosha kwamba aliitamka. Aliyoyaandika kwa hakika, karibu kila siku tangu mwaka 1832 akiwa na miaka 13 hadi siku chache kabla ya kufariki Januari 1901, mengi yake yalitiwa moto na kitindamimba wake, Beatrice. Kwa takriban miaka 30, Beatrice alinakili shajara za mama yake katika madaftari 111, akiacha yale aliyoona hayafai kusomwa na wengine, kisha akateketeza zile za asili.

Ni rahisi kumlaumu, lakini utetezi wake una uzito kuliko wengi wanavyokubali. Kazi hiyo hakujitwalia; alikabidhiwa na mama yake mwenyewe, na wosia wa mzazi si jambo la kupuuzwa. Watu wengi waliotajwa humo walikuwa hai, au watoto wao walikuwa hai. Isitoshe, hati hizo zingeweza kuangukia mikono mizito zaidi: Mfalme Edward VII, mara tu baada ya mama yake kufariki, aliamuru zichomwe barua ambazo malkia alimwandikia Abdul Karim, karani wa Kihindi aliyemfundisha Kihindustani. Pale halikunakiliwa hata neno.

Hata hivyo, hasara yenyewe inapimika. Bwana Esher, aliyekuwa akihariri barua za malkia, alikuwa amekwisha kuagiza nakala ya taipu ya shajara za tangu 1832 hadi mapema 1840, na humo tunamkuta bibi harusi wa miaka 20 akiandika kwamba kamwe, kamwe hajapata kuwa na jioni kama ile, huku mumewe Albert akiwa ameketi kwenye kigoda kando yake. Nakala ya Beatrice ya kipindi hicho ni fupi, tena imepoa. Na katika barua kwa binti yake mkubwa mwaka 1858, barua ambazo zilinusurika, Victoria anasema kwamba mwanamke anapojifungua hufanana zaidi na ng'ombe au mbwa. Mama wa watoto 9 hakuwa na haya ya kulisema hilo, walau kwa bintiye. Mangapi ya namna hiyo yaliyeyuka motoni?

Hoja ya faragha nayo ina mpaka, kwa sababu mwaka 1868 Victoria mwenyewe alichapisha sehemu za shajara zake za Scotland na wasomaji wakazigombania. Kwa maoni yangu, kunakili na kuchuja kunaweza kutetewa. Kuchoma hakuwezi kutetewa, maana kasri la kifalme la Windsor halikukosa makabati ya kufungia madaftari hayo kwa miaka 100.

Tangu 2012 shajara zilizosalia zimewekwa kwenye intaneti. Ukifungua tarehe 1 Januari 1862, utasoma kwamba malkia hakuweza kuandika tangu siku mpendwa wake alipomwacha. Maneno ni ya mjane, lakini mwandiko ni wa Beatrice, ambaye siku Albert alipofariki alikuwa na umri wa miaka 4.