Fundi wa Kariakoo anajua mambo ambayo Ujerumani hakuna aliyeyaandika

Wakuu habari za saa hizi. Kuna ubishi mmoja hauishi, nikipiga simu nyumbani Temeke naukuta, nikikaa na wabongo wenzangu hapa Hamburg naukuta, kwamba kwenye teknolojia wazungu wametuacha mbali mno na sisi tunabahatisha tu, fundi wetu kazi yake kupiga bodi hewa ya moto ya hita na kumuomba Mungu. Mi nimesoma umeme Dar, nimekaa na mafundi wa Kariakoo kabla sijasafiri, na huku mkate wangu unatokana na mitambo ya baridi, majokofu ya madukani na vyumba vya ubaridi, kwa hiyo pande zote mbili nazijua kwa mikono yangu mwenyewe. Huo ubishi sikubaliani nao na kusema ukweli unaniuma, maana wanaousema ni ndugu zetu wenyewe.

Kwanza mtu wa kawaida wa huku hajui chochote kuhusu kifaa chake. Simuongelei injinia wa kiwandani, naongelea jirani yangu wa ghorofa ya chini. Tivii ikizima haulizi imezimaje, anabeba anapeleka kwenye kituo cha jiji cha kukusanya vitu vibovu, na sheria imempa urahisi, maduka makubwa ya vifaa vya umeme yenye eneo la kuanzia mita za mraba 400 yanalazimika kupokea vifaa vidogo vilivyokufa hata kama hununui kipya. Safi sana kwa mazingira. Lakini nenda kaangalie hivyo vitu vilivyotupwa utalia, tivii ya inchi 50 ambayo kwa macho tu najua ni taa za nyuma zimekufa, kitu ambacho kijana wa Mtaa wa Aggrey, pale Kariakoo, anakimaliza mchana mmoja. Hapa gharama ya saa moja ya fundi inakimbizana na bei ya kitu kipya, ndo maana wanatupa, na mikono ya kutengeneza imebaki kwa wachache.

Na wenyewe wameshaliona hilo. Kuna kitu kinaitwa Repair Café, kilianzia Amsterdam mwaka 2009, alikianzisha mama mmoja mwandishi wa habari anaitwa Martine Postma, sasa kimesambaa nchi nyingi. Watu wanajitolea, wengi ni wazee wastaafu, wanakaa ukumbini Jumamosi na mita zao na bisibisi, we unakuja na pasi yako au redio yako mnaifungua pamoja bure. Nimeshakaa nao meza moja. Kwa spidi na kwa jicho la kugundua ugonjwa, mafundi wa Kariakoo wanawazidi wazee wale, hilo nalisema bila kupepesa.

Ila wana kitu kimoja nilikiangalia nikakaa kimya. Karatasi. Kila kifaa kinachoingia kina fomu yake, aina, modeli, mwaka, ugonjwa, tumejaribu nini, kimepona hakijapona na kwa nini. Mzee anamaliza kutengeneza blenda ya bei ndogo halafu anakaa dakika nzima anaandika! Na hapo ndipo penye hoja yangu yote. Hatujazidiwa akili wala mikono. Tumezidiwa kuandika.

Ngoja niseme fundi wa Aggrey anafanyaje, maana wengi mnampelekea simu mnakaa kwenye stuli mnachati, hamuangalii. Simu haiwaki. Anatoa betri, anaunga bodi kwenye pawa saplai ya mezani, anaangalia ampea, yaani umeme unaovutwa. Kama umeme unavutwa kabla hajabonyeza swichi anajua kuna shoti kwenye laini kuu. Sasa shoti iko wapi kati ya vitu vidogo kama punje za ulezi vilivyojaa pale? Anamwagia spiriti bodi nzima, anaingiza umeme wa volti ndogo, anatulia. Pale panapokauka kwanza ndipo penye shoti, kwa sababu kile kikapasita (kipande kidogo cha kutunza umeme) kilichokufa kinapitisha umeme kinapata joto kinakausha spiriti yake kabla ya wenzake. Anakichomoa, ampea inashuka, simu inawaka. Jamani hiyo ni fizikia ya shule tuliyofundishwa ubaoni, kijana kaitoa ubaoni kaiweka kwenye bodi, huku wangetumia kamera ya joto ya mamia ya yuro kufika pale pale. Halafu mtu anakaa anasema anabahatisha.

Twende kwenye friji sasa maana ndo eneo langu, na hapa ndo utaona tofauti ya maisha ya huku na huko.

Friji yoyote ya Ulaya ina kibandiko ndani, ubavuni karibu na boksi la mboga. Kasome. Utakuta herufi SN, N, ST au T. Hilo ni daraja la hali ya hewa. N maana yake friji imepimwa kufanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST inafika 38, T inafika 43. Sasa jiko la Tandika mwezi wa pili, bati juu, dirisha moja, mkaa unawaka hapo hapo, nyuzi 32 zimepitwa saa nne asubuhi. Friji ya mtumba daraja N ukiiweka hapo kompresa, ile mota inayosukuma gesi, haipumziki, inakimbia usiku na mchana, luku inaisha mnasema friji mbovu, mara mchawi. Friji nzima kabisa, imepelekwa mahali ambapo haikutengenezewa. Nilimuuliza mwenzangu wa kazini hapa, fundi aliyesomea, ana vyeti, kama alishaona kompresa ya nyumbani imeungua kwa sababu ya joto la jiko. Hajawahi. Ataionea wapi, hapa siku ikigonga nyuzi 30 watu wanaiongelea wiki nzima.

Na friji gadi, kile kiboksi cha kinga kinachokaa kati ya soketi na friji. Huku ukiingia dukani ukaomba friji gadi watakuangalia, hakuna anayeijua, wakati Dar hata mpangaji wa chumba kimoja anayo. Kazi yake ni mbili. Umeme ukikata ukarudi hapo hapo, ndani ya kompresa presha ya upande mmoja bado iko juu, mota ikilazimishwa kuanza inakwama na ikikwama inavuta ampea nyingi koili inaungua, kwa hiyo gadi inachelewesha dakika tatu hadi tano mpaka presha zisawazike. Ya pili, volti ikishuka sana inazima. Na hapa pana hesabu watu hawaipigi, nguvu ya kuanzia ya mota inafuata mraba wa volti, ukishuka kutoka 230 kwenda 180 haupotezi robo, unabakiwa na asilimia 61 hivi tu. Ndo maana saa mbili usiku mtaa mzima umewasha pasi na feni na tivii, friji inanguruma inagoma kuanza. Huku kiwango cha Ulaya ni 230 kupanda au kushuka asilimia 10, yaani 207 mpaka 253, na nikiweka mita kwenye soketi yangu muda wowote naikuta humo ndani.

Hapa wabishi wataniambia sasa hivi tuna Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme kule Mto Rufiji, megawati 2,115, mgao ule wa 2023 tumeusahau. Kweli kabisa na najivunia, tangu mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha Februari 2024 mambo ya uzalishaji yamebadilika. Lakini megawati za Rufiji na volti ya soketi yako Mbagala ni mambo mawili, katikati kuna nyaya ndefu na transfoma ya mtaa iliyofungwa wakati nyumba zilikuwa chache. Umeme unaweza kuwa mwingi nchini na kwako ukafika umechoka.

Halafu kuna kapasita. Juu ya kapasita pameandikwa nyuzi 85 au 105, yaani joto la juu inaloweza kuvumilia, na kanuni ya mafundi dunia nzima ni kwamba ukiongeza nyuzi 10 za joto maisha yake yanakatika nusu. Fundi wa tivii mzoefu wa Dar ukimpelekea bodi ya pawa atakwambia hii ya 85 siirudishi, naweka ya 105. Nani kamfundisha? Zimemrudia mkononi mpaka kajua. Vivyo hivyo wanaokaa Kigamboni na Msasani karibu na bahari, fundi akifungua akaona ukijani kwenye miguu ya aisii (chipu) anakuuliza unakaa ufukweni, kabla hujasema. Chumvi ya hewani. Kiwandani wanapima vitu vyao kwa vipimo vyao, ila picha kamili ya miaka mitano ya joto la Dar, unyevu wa Dar, chumvi na umeme unaopanda na kushuka iko kwenye kichwa cha huyo fundi, na akifa au akihamia biashara ya bodaboda inaondoka naye.

Hata ushauri wa betri tunaobishania kila siku, oh usichaji usiku kucha, oh usifikishe mia, mwingi umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Adui mkubwa wa betri ya lithiamu ni joto, hasa ikiwa imejaa. Simu ya dereva bajaji iliyo kwenye kishikio juani inachaji huku inaonyesha ramani, hiyo inazeeka haraka kuliko ya jirani yangu anayechaji usiku kucha chumba kina nyuzi 18. Anayetoka kwenye jua la Mbezi anatakiwa apewe ushauri wa Mbezi.

Kwa nini mafundi wetu hawaandiki? Mimi siwalaumu. Kibanda cha kushoto na cha kulia wote wanafanya kazi ile ile, ukimwaga siri yako kesho mteja kaenda kwa jirani. Mwanafunzi wa fundi anakaa miaka anafagia, anatumwa chai, anachungulia tu. Huku mwanagenzi anasoma miaka mitatu mpaka mitatu na nusu, siku kazini siku shuleni, analipwa, na ana daftari la lazima la kuandika kila wiki amefanya nini, bila hilo daftari haruhusiwi kukaa mtihani wa mwisho. Kwetu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, jambo zuri sana na naomba waendelee, ila cheti kinamtambua mtu, yale anayoyajua yanabaki kichwani.

Na wakati huo huo Ulaya ndo kwanza inaamka. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingia sokoni huku lazima ziwe na vipuri vinavyopatikana miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mafundi wapewe maelezo ya kutengenezea. Simu hizo hizo tunazo Dar. Mafundi wetu wamezifungua miaka yote bila maelezo ya mtu.

Sehemu moja lakini siwezi kututetea, nayo ni ethi, ule waya wa kinga unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Tunajua wote ule mchezo, plagi ya mtumba ya miguu miwili ya duara, soketi yetu ya matundu matatu, mtu anachomeka kalamu tundu la juu vifuniko vifunguke anasukumiza plagi. Plagi ile ya Kijerumani ethi yake iko pembeni, kwenye vile vibati, kwa hiyo hapo haigusi kitu. Mashine ya kufulia au friji inabaki haina ethi, siku waya ukigusa bati la nje inakupiga, na ushauri wa nyumbani ni "vaa ndala ukifungua." Wakuu hapana. Watoto wanashika hayo mafriji wametoka kuoga. Huku soketi za nyumba mpya zinalindwa na breka inayokata umeme ukivuja miliampea 30 tu, inakata kabla moyo haujadhurika, na hiyo breka Kariakoo ipo inauzwa. Fundi kata hiyo plagi, funga ya miguu mitatu yenye ethi, hakikisha na nyumba yenyewe ina ethi ardhini, maana nyingine nyaya tu zimening'inia kwenye DB (boksi la breka).

Nimeanza na ndugu zangu wawili, mmoja wa friji Buguruni na mmoja wa simu hapo Aggrey. Daftari la kawaida la shule, mistari mitano kwa kila kazi: kifaa na modeli, mteja anakaa eneo gani, ugonjwa, kilichoponyesha, na volti ya nyumbani kwa mteja kama imepimika. Jina la mteja halihitajiki. Huyu wa friji ameshaanza kuona kompresa zinazomfia zinatoka mitaa ile ile, na sasa anamuuliza mteja saa ngapi umeme unakuwa dhaifu kabla hajamuuzia kompresa nyingine. Fundi mwingine mwenye nia aanze na mistari hiyo hiyo mitano, na ukifungua friji ya mtumba andika ile herufi ya kwenye kibandiko, hiyo ndo naihitaji kuliko zote.