Mjane wa Lubitsch na Mshipi wa Mfalme

Wapenzi wa opereta, ile michezo myepesi ya jukwaani ya kuimba, wana kesi ya siku nyingi na mwongozaji wa filamu Ernst Lubitsch, na si kesi ya kupuuzwa. The Merry Widow (Mjane Mchangamfu), opereta ya Franz Lehár iliyochezwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1905, imebebwa na jambo moja: Danilo na Hanna waliwahi kupendana, ukoo wa bwana ukakataa kwa kuwa binti hakuwa na kitu. Sasa Hanna ni mjane mwenye mamilioni, na Danilo hathubutu kutamka "nakupenda" asije akadhaniwa kafuata mali.

Filamu ya Lubitsch ya 1934, ya studio ya MGM, imeling'oa hilo. Mapenzi ya zamani hayapo. Danilo wa Maurice Chevalier ni kapteni mkware anayetumwa Paris kumnasa mjane ili fedha zake zisiihame nchi. Nyimbo kadhaa zimeachwa. Anayelalamika ana haki.

Lakini tazama ule mshipi. Mfalme anatoka chumbani kwa malkia, Danilo anaingia. Mfalme anakumbuka kasahau upanga, anarudi kuuchukua, anatoka akitabasamu, anajaribu kujifunga mshipi wa upanga. Haufiki! Kitambi ni cha mfalme, mshipi ni wa kijana. Hatukuonyeshwa kitanda, hakuna aliyesema neno. Au Jeanette MacDonald, ndiye mjane wa filamu hii, anapovua eda: magauni, viatu, mpaka mbwa, vyote vilikuwa vyeusi, akishakata shauri kwenda Paris vinakuwa vyeupe, mbwa naye.

Waltz mashuhuri ya Lehár, wimbo wa dansi wa opereta hiyo, yenyewe huanza kwa kusema midomo imenyamaza, fidla zinanong'ona. Kile kimya cha Danilo, naona, Lubitsch hakukitupa, alikikabidhi kamera. (MGM hao hao walishaitoa hadithi hii mwaka 1925 chini ya Erich von Stroheim, filamu bubu, opereta isiyoimbwa, na watu wakajaa. Ya Lubitsch, pamoja na sauti zake zote, haikurudisha gharama.)

Nisichomsamehe ni mwisho. Jukwaani, Hanna anatangaza kwamba akiolewa tena utajiri unampotea. Hapo ndipo ulimi wa Danilo unafunguka, naye Hanna anamalizia: unampotea kwa sababu unakwenda kwa mume mpya. Lubitsch anawafungia wawili hao katika seli ya gereza hadi waoane humo humo. Nilicheka, sikatai. Ila Danilo huyu hakuwa na neno lolote lililomkwama kooni.