Kadi ya Kifaa Nayo ni Usomi

Kwa maoni yangu, idara ya historia ya sanaa yenye makumbusho yake ina kazi moja kubwa katika zama hizi za kidijitali, nayo si kupiga picha bali ni kuandika kadi ya kila kifaa, yaani maelezo yake yanayoingizwa kwenye hifadhidata. Kamera nzuri hununuliwa na fundi wake hupatikana, lakini mtu anayeweza kukitazama kifaa saa nzima, kisha akaeleza kwa maneno sahihi alichokiona na asichokuwa na hakika nacho, huhitaji miaka ya kufundwa darasani na ghalani.

Chukua mchoro wa rangi za mafuta. Picha ya mbele huonyesha sura na rangi tu. Ugeuze: nyuma utakuta lebo ya mnada iliyochanika pembeni, namba iliyoandikwa kwa chaki, mabaki ya lakiri, pengine na matundu ya misumari yanayoshuhudia kwamba fremu ilibadilishwa. Humo ndimo unapoanza kufuatilia nani aliumiliki, uliuzwa lini, na kama ulimtoka mwenyewe kwa hiari au kwa nguvu. Umulike kwa taa ya ubavuni, na matuta ya rangi yatakuonyesha mahali ambapo mchoraji aliubadili mkao wa mkono. Haya yote yasipoingizwa kwenye hifadhidata, mtafiti aliye mbali hatayajua, hata picha ikiwa na ubora wa namna gani.

Ndiyo maana nauheshimu sana mradi wa Digital Benin, uliozinduliwa mwaka 2022. Umeunganisha taarifa za vifaa zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, ambavyo wakati wa uzinduzi vilikuwa vikihifadhiwa na taasisi 131 katika nchi 20, vingi vikiwa vimetawanyika baada ya jeshi la Uingereza kuuvamia na kuupora mji mkuu wa ufalme huo mwaka 1897. Picha zake ni nzuri, lakini kilichonigusa ni kuyaona majina ya vifaa kwa Kiedo, lugha ya watu wa ufalme huo, baada ya zaidi ya karne nzima ya kuitwa kwa maneno ya wageni katika madaftari ya makumbusho. Jina la wenyewe humfundisha mtafiti kuuliza swali jingine kabisa.

Tarehe 2 Septemba 2018, moto ulipoteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil yaliyokuwa na mkusanyo wa vitu takriban milioni 20, wanafunzi wa taaluma ya makumbusho mjini Rio de Janeiro waliwaomba watu wawatumie picha walizopiga humo. Nawasifu kwa moyo wote. Hata hivyo, picha ya mgeni haina kipimo, haitaji malighafi, wala haisemi kitu kilipatikanaje.

Linaloniuma ni kwamba mara nyingi insha ndefu humpatia mwanafunzi alama, ilhali kadi ya kifaa iliyomgharimu wiki mbili za kupima, kulinganisha na kupekua barua za zamani huhesabiwa kuwa kazi ya karani. Ningependa kila mwanafunzi, kabla ya kuhitimu, aache katika hifadhidata ya makumbusho kadi kumi zilizosahihishwa na walimu wake, kila moja ikiwa na jina lake na tarehe, na neno “labda” likiwa limeandikwa waziwazi kila panapostahili.