Sekta ya kuwashia: tuifundishe au tuiache?

Wanafunzi wa informatiki wa Lubumbashi wakikaa pamoja, hakosi mmoja wa kuuliza: ya nini kuhangaika na asembli, lugha iliyo karibu kabisa na kichakataji, kwa ajili ya programu inayokaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, wakati wateja wa mjini wanaomba tovuti na programu za simu? Anayeuliza hivyo ana hoja, tena nzito.

BIOS, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta na kuitekeleza sekta hiyo ya kwanza, tuliyorithi kutoka IBM PC ya 1981, inaondoka. Nafasi yake imechukuliwa na UEFI, ambayo haina haja ya kutekeleza sekta hiyo: inatafuta faili kwenye sehemu maalumu ya diski, na kwenye kompyuta za leo programu yako inapoanza, kichakataji kwa kawaida kimeshaingia biti 64. Mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuacha kuihudumia BIOS ya zamani ifikapo 2020. Mwaka 2023 ikapendekeza hata kuiondoa ndani ya kichakataji hali ya biti 16, ambayo programu ya sekta ya kuwashia huanzia. Pendekezo hilo lilifutwa mwishoni mwa 2024, lakini mwelekeo unaonekana. Simu nayo, ambayo ndiyo kompyuta ya watu wengi hapa, haikuwahi kuijua BIOS.

Sasa itazameni programu yenyewe, yote:

org 0x7C00
mov ah, 0x0E
mov al, 'L'
int 0x10
jmp $
times 510-($-$$) db 0
dw 0xAA55

Ipitishe kwenye NASM, kitafsiri cha asembli, utapata faili ya baiti 512. Amri zenyewe ni baiti 8 tu: mbili za kuchagua kazi ya kuandika herufi, mbili za kubeba L, mbili za kuiita BIOS, mbili za kuzunguka palepale bila mwisho. Zinafuata sifuri 502, kisha 55 na AA, alama ambayo BIOS huitafuta kabla ya kurukia sekta iliyopakiwa kwenye anwani 7C00. Tumeandika AA55, faili inaonyesha 55 kwanza, kwa sababu vichakataji hivi huhifadhi baiti ya chini mwanzoni. Jambo hilo wengi wamelikariri kwenye silabusi bila kuliona kwa macho. Sioni zoezi jingine linalomwezesha mwanafunzi wa mwaka wa pili kueleza kila baiti ya programu yake, bila kubakiza hata moja. Mjenzi wa tovuti aliyepakua maktaba za watu wengine, aulizwe asilimia ngapi ya kazi yake anaweza kuieleza hivyo.

Kwetu sisi kuna somo la ziada, nalo liko kwenye kibodi. Wengi hapa tunatumia AZERTY, mpangilio wa Kifaransa. Mwanafunzi anaandika programu ya kusoma herufi kwa int 0x16, huduma ya kibodi ya BIOS, na kuirudisha kwenye skrini. Anabonyeza A, inatokea q. Anabonyeza Z, inatokea w. Tarakimu anazozoea kuzipata kwa Shift zinakuja bila Shift. Hakuna kilichoharibika: kibodi inatuma namba ya nafasi ya kitufe, si herufi, na jedwali la BIOS kwa kawaida ni la Kimarekani. Namba ya kitufe iko kwenye AH, herufi iliyotafsiriwa iko AL, rejista mbili za kichakataji. Basi anatengeneza jedwali lake mwenyewe, huku akihesabu baiti zilizobaki. Akimaliza, anaelewa kazi ambayo Windows na Linux humfanyia kila siku kimyakimya.

Gharama ni ndogo. NASM haili mega nyingi, QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, inapita kwa flashi kutoka kwa mwenzako, na kurani ya umeme ikikatika faili ya mistari saba haikuumizi. Mashini za okazioni zinazokubali BIOS nazo hazikosekani mjini.

Hatari ipo, na watetezi wa zoezi hili huipita haraka mno. Kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani, sekta ya kwanza ina baiti 446 za programu na 64 za jedwali la sehemu za diski. Andika sifuri zako juu ya diski ya mashini badala ya flashi, herufi moja tu ikosewe kwenye amri ya dd, inayonakili baiti moja kwa moja kwenye diski, na jedwali hilo limekwenda, pengine na travay ya mwisho wa masomo ya ndugu yako aliyekuazima mashini. Kwa hiyo anayeanza abaki ndani ya QEMU. Flashi ije baadaye, mwalimu akiwa pembeni.

Kuna pia mtego wa kupenda sana. Baada ya herufi ya kwanza mtu anaota kuunda mfumo wake wa uendeshaji, anazama kwenye segmenti, yaani vipande vya kumbukumbu, akitafuta kwa nini BIOS nyingine huingia kwa 0000:7C00 na nyingine kwa 07C0:0000, ingawa zote mbili ni anwani ileile. Jioni zinaisha kwa elimu ambayo haitumiki kwingine.

Hapo ndipo ninaposimama: ndiyo kwa baiti 512, hapana kwa mwaka mzima. Wiki mbili zinatosha, kwenye QEMU, na mwalimu aseme wazi tangu siku ya kwanza kwamba BIOS inakufa. Kisha darasa lihamie lugha ya C, na ikiwezekana programu moja ndogo ya UEFI ili waone kilichobadilika. Anayejilipia masomo kwa kutengenezea maduka tovuti asizuiwe, ila afanye zoezi la kibodi.