Televisheni Imebebwa Waziri Hajamaliza Kusema

Naomba nieleweke: mimi sina ugomvi na Waziri wa Fedha. Alikuwa amesimama pale Dodoma, anamwambia Mheshimiwa Spika kwa utulivu kabisa kwamba Deni la Taifa limefanyiwa tathmini kwa vigezo vyote vya kimataifa na bado ni himilivu, yaani linabebe... Basi. Kioo cheusi. Mama mmoja, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa ameshachomoa waya.

Jana ilikuwa siku ya marejesho ya mkopo wa kikundi. Nadhani sina haja ya kuendelea, lakini acha niendelee, maana nimebaki na jioni ndefu na ukuta mtupu.

Kikundi cha mikopo cha mama watoto wangu, Mama Neema, kilikuja kizima. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakavua viatu mlangoni. Mtu anayekuja kukubebea televisheni akivua viatu mlangoni, hasira unaianzia wapi? Nikampa shikamoo Mama Mwenyekiti. "Marahaba, mwanangu. Mama Neema yuko wapi?" Nikasema ametoka. Mama Neema alikuwa bafuni. Alikuwa bafuni tangu adhuhuri, na ndoo ya maji na simu.

Katibu akafungua kauntabuku. Nimeona vikao vya Bunge vingi, lakini sijaona hati inayofunguliwa kwa heshima kama lile daftari. Mistari imepigwa kwa rula. Mkopo laki tano. Marejesho ya wiki hayajaingia. Faini ya kuchelewa. Faini ya kutohudhuria. Elfu mbili za soda siku alipokuja afisa mikopo. Nikauliza, soda ya afisa mikopo nalipia mimi? Katibu akanyanyua macho: "Aliinywea wapi, si hapa kwako?"

Kwa kuwa nilikuwa nimetoka kumsikiliza Waziri, nikaona nijenge hoja. "Mama Mwenyekiti, tatizo si deni. Tatizo ni uwezo wa kulihudumia. Serikali ikipima deni lake hutazama uwiano na Pato la Taifa. Ukomo ni asilimia 55. Ukiwa chini ya hapo, unakopesheka. Deni limepita trilioni 100 na bado tunakopesheka!"

"Pato lako wewe shilingi ngapi?"

Nikasema swali hilo linahitaji takwimu, aniletee kwa maandishi.

"Swali la nyongeza," akasema mmoja kule nyuma, na nina hakika naye alikuwa anaangalia Bunge huko kwake kabla ya kuja kwangu. "Kazi yako si fundi friji? Mwezi huu umetengeneza friji ngapi?"

Jamani. Juni hii. Baridi hii. Nani anahangaika na friji Juni?

Nikahamia kwenye sheria. Nikawaambia kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni kutoka Benki Kuu. Mama Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, leseni iko kwa mwenye hela. Sisi si wenye hela. Sisi tumekulipia. Wiki iliyopita tulikaa pale ofisini mpaka magharibi, hatoki mtu mpaka hesabu itimie, tukachangishana elfu mbilimbili kumfidia mkeo. Sasa unasema na nani habari za leseni?"

Hapo nikasema, "Mwongozo wa Mwenyekiti!"

"Kaa chini, shemeji."

Nikakaa. Halafu Katibu akasoma, kwa sauti ya kuingiza kwenye kumbukumbu rasmi: "Lengo la mkopo: mtaji wa vitenge." Wote wakaanza kutazama sebule, kama vitenge vimejificha chini ya kochi. Sasa vitenge viko wapi? Vitenge vilikuwa sare mbili za shule, viatu, na kodi ya nyumba ya miezi sita, maana mwenye nyumba hapokei ya mwezi mmoja. Na wanajua! Ndicho kilichonikera. Katika wanawake wote waliosimama sebuleni kwangu, hakuna aliyekopa mtaji akanunua mtaji. Wa vitumbua amelipia hospitali. Wa mitumba amepeleka msiba Tanga. Wa uji alikopa hela ya uji akaimalizia kwa mkopeshaji mwingine aliyekuwa anamdai, na juzi wamembebea friji. Mama watoto akiwa mmoja wa wabebaji, kashika upande wa mlango. Friji hiyo niliitengeneza mimi, na mpaka leo sijalipwa.

Basi wakabeba. Walibeba vizuri, sina malalamiko ya kitaalamu. Wakaizungushia shuka langu isipate vumbi. Kisimbuzi wameniachia, nilikilipia kifurushi cha mwezi juzi tu. Walipofika barabarani mmoja akarudi. Nikajua wameghairi. "Shemeji, na rimoti."

Sasa waheshimiwa wetu. Mikopo hii ya riba kali inayoitwa kausha damu wameizungumza bungeni kwa uchungu kweli, mpaka meza zikagongwa. Wameeleza akina mama wanavyonyang'anywa magodoro. Halafu kengele ya pili ikalia, mheshimiwa akasema kwa hayo machache naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, akakaa. Mimi siku hizi naogopa mtu anayelia kwa niaba yangu kisha anaunga mkono kwa asilimia mia moja. Angebakiza hata mbili.

Ripoti ya CAG, yule mkaguzi wa hesabu za Serikali, ndiyo usiniulize. Inakabidhiwa Ikulu mwisho wa Machi, Aprili inafika bungeni, tunashangaa Aprili yote, Mei tunahamia kwenye ligi.

Mkopo wa halmashauri usio na riba upo, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Mimi si mwanamke, ujana ulishaniaga, namshukuru Mungu nina viungo vyote. Mama watoto na wenzake waliandika katiba ya kikundi, wakafungua akaunti, wakaandaa andiko la mradi. Afisa yuko semina.

TASAF, mfuko wa kusaidia kaya masikini, wao wana mkutano wa mtaa, watu wanakaa kivulini wanajadili kaya ipi ni masikini. Ukisimama kujitetea kwamba wewe ni masikini, anayekupinga ni yule unayemdai.

Mkopo wa simu nao nilionja. Ukichelewa hawakupigii wewe, wanampigia mama mkwe. Benki Kuu ilizifungia programu 69 Novemba 2024, nikashangilia, ila mama mkwe alikuwa ameshapigiwa.

Afadhali mwenye ajira serikalini, utasema, ana mfuko wake wa pensheni. Njoo umwone shemeji yangu. Mwalimu wa hisabati, kafundisha sehemu na asilimia mpaka nywele zikawa nyeupe kwa chaki. Miaka yote alikuwa anapiga hesabu ya nusu: nusu ya mafao mkononi kwa mkupuo, nyumba inaisha. Julai 2022 kikokotoo kipya, ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kikaanza, mkupuo asilimia 33. Akastaafu mwaka uliofuata. Alikuja kwangu na karatasi, akaipiga ile hesabu mara kwa kalamu, mara kwa simu, mara kwa kijiti chini kwenye mchanga, kama mwanafunzi anayeamini mwalimu kakosea kusahihisha. Nyumba ikaishia kwenye lenta, pale juu ya madirisha, bila bati. Mwaka 2024 bungeni ikatangazwa kwamba waliokuwa wa nusu sasa ni asilimia 40, tukapigiana simu, tukapongezana, lakini bei ya bati nayo ilikuwa imesikiliza hotuba. Waheshimiwa wenyewe kiinua mgongo chao ni kila Bunge likivunjwa, na sijawahi kusikia mmoja akikokotolewa.

Nikasema ngoja nilale. Umeme ukakata. Si kukatika kwa mtaa, ni uniti zimeisha. Nikanunua za elfu tano kwa hela ya mboga ya kesho, LUKU, hii mita ya kulipia kabla, ikakata kwanza kodi ya jengo, 1,500. Jengo si langu! Mwenye jengo anaishi Kimara, ana gari, na kodi ya jengo lake naikatwa mimi ambaye sina hata cha kutazama kwa huo umeme. Sheria inasema mpangaji anaweza kurudishiwa na mwenye nyumba. Nenda wewe ukamdai mwenye nyumba 1,500 wakati kodi ya miezi sita inakaribia, uje uniambie alikujibu nini.

Na simu inalia. Nimeingizwa kwenye kundi la harusi. Anaoa mpwa wa mwenye nyumba, kijana ambaye nikipishana naye njiani sitamjua. Kadi ya mtu mmoja laki, wawili laki na nusu. Orodha ya ahadi imeshawekwa, nimeshuka taratibu, nikalikuta jina langu: wawili. Nimeuliza kwa adabu, ndugu wanakamati, nani ameahidi kwa niaba yangu? Kimya. Mhazini amejibu kwa mikono miwili ya kushukuru. Halafu mtu katuma picha ya keki.

Ghorofa tano. Shemeji yuko kwenye lenta, keki ina ghorofa tano!