Nimefadhiliwa Nusu

Jumatatu usiku, baada ya stima kurudi kwa hisani ya wenyewe, nilifungua barua pepe kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani ambayo ilianza kwa kunipongeza na ikamalizia kwa kunivunja mgongo. Nimekubaliwa kusomea shahada ya uzamili, na chuo, kwa kutambua uwezo wangu, kitanilipia nusu ya ada. Nusu! Laiti wangenikataa kabisa, ningelala. Mtu aliyenyimwa husononeka siku mbili kisha akarudi kusahihisha madaftari, lakini aliyepewa nusu hana ruhusa hata ya kununa, kwa sababu kila anayemlilia humkumbusha kwamba wenzake hawakupata hata hiyo.

Ada ya mwaka ni dola 28,000. Chuo kinabeba 14,000, nami ninabaki na 14,000 nyingine pamoja na 15,000 wanazokadiria kuwa za chakula na malazi. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya milioni tatu na laki saba, na kwanza si za kulipa, ni za kuonyesha. Hawatatoa ile fomu ya I-20, ya kuombea visa ya mwanafunzi, mpaka waone taarifa yangu ya benki, na bila fomu hiyo ubalozi wa Marekani kule Gigiri hauna mazungumzo nami. Taarifa hiyo nimeitazama. Mshahara huingia na kutoka siku moja, kana kwamba ulipita tu kunisalimia. Nikiwatumia, huenda wao ndio wakanifanyia mchango.

Shemeji yangu anasema nitafanya kazi huko huko. Nimemweleza kwamba mwanafunzi wa visa hiyo huruhusiwa saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea, tena ndani ya chuo, naye akanitazama kama mtu anayeogopa jembe. Mama alitaka tufanye harambee, lakini mwaka huu tumeshafanya mbili, zote za hospitali, na binamu zangu wameanza kupokea simu zangu kwa sauti ya wagonjwa. Mkopo wa shahada ya kwanza, wenye riba ya asilimia 4, nilimaliza kuulipa mwaka jana, na bado nikiona namba nisiyoijua moyo hunipaa.

Basi ikabaki sacco, chama chetu cha akiba na mikopo. Akiba yangu ni 210,000, na mkopo ni hadi mara tatu yake, yaani 630,000, ambazo hazitoshi lakini angalau zina sura ya mwanzo. Zilihitajika sahihi za wadhamini watatu. Jumatano, saa ya chai, nilimwendea Mwalimu wa Hesabu, nikamwekea kikombe na maandazi mawili, nikakohoa kistaarabu.

"Mwalimu, nina jambo dogo."

"Ni fomu?" aliuliza kabla hajakigusa kikombe.

Nilikiri kwamba ni fomu. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akanisimulia upya habari ambayo chumba chote cha walimu tunaijua: alimdhamini mwenzetu mmoja, naye akaenda Australia kusoma, na tangu hapo payslipu ya Mwalimu hukatwa 9,400 kila mwezi. "Hutuma picha akiwa ufukweni," alisema kwa huzuni. "Mimi hutazama viatu tu, kwa sababu vile ni vyangu."

"Mimi nitarudi, Mwalimu."

"Hata yeye alisema hapo hapo ulipoketi. Wewe unakwenda kusomea nini?"

"Sera ya elimu."

"Sera," alirudia, huku akikata andazi. "Sera tunazo nyingi. Tunachokosa ni chaki."

Kisha akageuza karatasi ya mtihani wa Kidato cha Pili na kuanza kunipigia hesabu nyuma yake. Akatoa kodi ya mapato, akatoa asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba ambazo hakuna kati yetu aliyeziona, akanikumbusha kwamba makato hayaruhusiwi kuvuka theluthi mbili za mshahara, akachora mstari mara mbili chini ya jibu kama anavyowafundisha watoto. Jibu lilikuwa kwamba siendi. Nilikuwa ninakusanya hadhi yangu ili niondoke aliponishika mkono, akafungua droo, akatoa fomu yake mwenyewe. Anachukua mkopo wa ng'ombe wa maziwa kule Njoro. Kwa kuwa mimi siendi popote, alisema, mimi ndiye mdhamini aliyekuwa akimtafuta.

Nikatia sahihi. Jamani, nilitia sahihi! Mtu akiwa ameomba, hana uso wa kukataa anapoombwa, na sasa akiba yangu imefungwa kwenye kwato za ng'ombe nisiyemjua hata rangi.

Chuo kinataka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa zao, ambayo kwetu itakuwa Jumamosi tayari. Zipo dola 350 za usajili wa wanafunzi wa kigeni na 185 za visa, zote zisizorudishwa, na nauli ya Nakuru hadi Nairobi kwenda kusailiwa. Jana jioni, nikiwa Langalanga nimekaa na simu nikitafakari kubofya "ndiyo" au "hapana", mwenye ploti alibisha hodi akiwa na kijana mgeni mwenye futi ya kupimia. Alikuwa amesikia ninakwenda Marekani. Kijana alipima dirisha, akaandika kiganjani, akaniuliza kwa heshima zote kama mapazia nitayaacha.